Bahasha

Ile saa ya kuhesabia sekunde ningali nayo,
kioo kimepasuka, kamba imeoza kwa jasho la kiganja changu.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, yeye kumi na saba.
Baba alikuwa amepima malisho yetu ya Doonaha kwa hatua:
mizunguko minne na robo, maili moja, ukikwepa mavi ya ng'ombe.
"Attracta," kaka alikuwa akisema, "usinionee huruma. Nisomee namba."
Nami nasoma, mvua ya Atlantiki ikinichapa ubavuni:
nne na nane. Nne na sita.
Siku aliyokimbia nne na mbili mama alikuwa akikamua;
akainua kichwa, akauliza kama mbwa amekula.

Ndivyo Colman Tubridy alivyotoka kwetu:
begi moja, viatu vya misumari vimefungwa gazetini,
na chuo huko Marekani kilichokubali miguu badala ya karo.

Alikuwa wa nne. Wa nne Praha,
wa nne Split, wa nne nyumbani Dublin
kwa unene wa kifua cha mtu mwembamba.
Wa nne hapandi jukwaani. Hupewa taulo.

Kisha wakamwomba awe sungura.
Si yule wa hadithi, anayemzidi fisi kete;
sungura wa uwanjani hulipwa aongoze,
akate upepo kwa kifua, wenzake wajifiche mgongoni mwake,
na zikibaki mita mia tano atoke nje ya mstari,
ashike magoti, awatazame wakienda na rekodi yao.

Alitusimulia mara moja tu, Krismasi, akimenya viazi.
Koloni, Agosti, themanini na sita.
"Nilifika mita elfu, Attracta, na sikuwa nimechoka.
Unanisikia? Sikuwa nimechoka. Miguu ilikuwa inaniuliza: vipi?
Nikatoka. Nilikuwa nimetia saini."
Bahasha alipewa chini ya ngazi,
marki elfu mbili, noti moja ina doa la kahawa.
Zikaezeka paa la zizi.
Viazi vilichemka hadi vikavurugika; hakuna aliyezima jiko.

Magoti yalipomkatalia, alikodi chumba juu ya duka la dawa, Limerick:
simu mbili, faksi, ramani ya Ulaya iliyochomwa pini.
Wakala. Aliuza mapafu ya watu kwa asilimia kumi na tano,
lakini fedha ya mtu haikuwahi kupita katika bahasha:
benki, kwa jina kamili, na risiti kwa mwandiko wangu.
Mwandalizi mmoja wa Zurich alimwita jiwe la njiani.
Kaka alilipenda hilo. Alijitambulisha nalo kwenye simu.

Halafu akaja Sorcha Gilhooly wa Leitrim,
miaka ishirini na mmoja, soksi hazifanani,
sungura wa kulipwa, Brussels, mita elfu moja na mia tano.
Mkataba niliupiga chapa mimi: atoke kwenye mita elfu.
Mita elfu ikafika. Akatupa jicho nje ya mstari
kama mtu apitaye mlango wa nyumba anayodaiwa,
akaendelea.

Kaka aliinuka. Miwani ikamdondoka.
Mbele yetu mwandalizi aligeuka, shingo nyekundu,
akitaja fidia kwa Kifaransa.
Colman hakumwona. Midomo yake ilikuwa ikisoma namba.

Wa nne.

Husemwa mbio za sakafuni huishia ukingoni.
Sawa. Lakini uwanja ni duara,
na aliyetoka nje ya mstari angali na nguvu
hutembea na ukingo wake mfukoni, miaka ishirini na mitano.

Fidia tulilipa, euro elfu sita; hundi niliandika mimi, mkono haukutetemeka.
Chini ya ngazi binti alikuwa akilia, akiomba radhi.
Kaka akampa taulo.
"Ulikuwa umechoka?"
"Hapana."
"Basi kaa," akasema, "uniambie
mita ya elfu moja na moja ikoje."